Neno "Kituo": Uhakiki wa Historia za Makanisa ya Unyamwezi

Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na historia iliyoandikwa, kwa mara ya kwanza, si katika kitabu cha shule bali katika kijitabu cha jubilei ya kanisa lao. Kijitabu hicho huwa chembamba. Kina picha ya jengo kwenye jalada, orodha ya viongozi mwishoni, na bei ambayo kila mshirika aweza kuimudu. Husomwa na watu wasiosoma riwaya, hutunzwa pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo, na hutolewa sandukuni kila penye ubishi juu ya nani alitangulia na nani alifuata. Wahakiki wameshughulika na tenzi, tamthilia na hadithi. Fasihi hii wameipita kando. Ni hasara, maana huenda hakuna nathari ya Kiswahili iliyowafundisha watu wa vijijini, kwa upole na bila wao kujua, nini huitwa historia na nani huitwa mtu wa historia.

Nchi ya Unyamwezi yafaa kwa uchunguzi huo. Jumapili asubuhi mjini Tabora, toka Cheyo hata Ng'ambo, watu hupishana njiani wakienda kusali, huyu kwa Wakatoliki, yule kwa Wamoravian, mwingine kwa Waanglikana au Wapentekoste. Na misikiti ya mji huo ilitangulia makanisa yote, kwa kuwa Waarabu na Waswahili walikwisha jenga Unyanyembe kabla padre wa kwanza hajafika. Dini zote hizo zilipita njia moja, nayo ni njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikafika Tabora, kisha ikagawanyika, tawi moja kwenda Ujiji na jingine kwenda ziwa Nyanza. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hiyo, na nguo, baruti, vitabu na imani vilipanda kwa njia hiyo hiyo.

Habari za mwanzo zajulikana, na vijitabu huzieleza vema. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo mwaka wa 1878; Padre Joachim Pascal alikufa njiani kabla ya kufika Tabora. Baadaye mapadre hao walikaa Tabora na Kipalapala, wakalea watoto waliokombolewa utumwani, hata mwaka wa 1889 walipolazimika kuondoka kwa sababu ya uadui wa mtemi Isike. Isike naye aliangamia mwezi wa Januari 1893, alipojilipua kwa baruti ndani ya boma lake Wajerumani walipoliteka. Kwa upande wa Waprotestanti, Daktari Ebenezer Southon wa Chama cha Misioni cha London alipokelewa na mtemi Mirambo huko Urambo mwaka wa 1879. Southon alikufa mwaka wa 1882 kwa jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya, na Mirambo akafariki mwezi wa Desemba 1884. Chama hicho kiliendelea kwa shida hata mwaka wa 1898, kilipowakabidhi Urambo Wamoravian waliotoka Herrnhut, Ujerumani, wakiongozwa na Rudolf Stern. Kutoka Urambo kazi ya Wamoravian ilienea kusini hata Sikonge na Kitunda, kisha Tabora mjini.

Hayo yote ni kweli, na kijitabu kinachoyahifadhi kimefanya kazi njema. Mhakiki asianze kwa dharau. Watu waliokuwa hawana kumbukumbu iliyochapwa walipewa miaka, majina na utaratibu. Tena wako waandishi wenyeji waliochukua kalamu kwa ajili hiyo. Teofilo Kisanji, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Moravian katika Tanzania, aliyewekwa wakfu mwaka wa 1966, aliandika mwenyewe *Historia Fupi ya Kanisa la Kimoravian Tanganyika Magharibi*, nayo ilitolewa Kipalapala mwaka wa 1980. Yaani kitabu cha askofu Mmoravian kilipigwa chapa na mtambo wa Wakatoliki, mahali pale pale ambapo Mapadre Weupe walilea watoto wao wa kwanza. Hapo pana dalili kwamba wenyeji waliona historia hizi kuwa mali ya nchi nzima, si ya dhehebu moja tu.

Lakini yapasa kuuliza swali la fasihi: sentensi za vijitabu vya namna hii zimejengwa vipi? Mara nyingi zimejengwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mtendaji ni mmisionari, na kitenzi ni kufika, kufungua, kujenga au kuanzisha. Ya pili ni ile ya kutendwa: kanisa lilijengwa, shule ilifunguliwa, watu hamsini walibatizwa. Msomaji akiuliza ni nani aliyewafundisha watu hamsini hao miaka miwili au mitatu kabla ya siku ya ubatizo, sarufi yenyewe hukaa kimya. Kiswahili kina urahisi mkubwa wa kutumia kauli ya kutendwa, na urahisi huo umekuwa mtego. Mmisionari aliyekuja mara moja kwa mwaka kubatiza ana jina. Mwalimu aliyekaa kijijini, akafundisha jioni baada ya kulima, amemezwa na kiambishi "-w-".

Asili ya mtindo huu haina siri. Ni taarifa ya mwaka, ile ambayo mmisionari alipaswa kuwaandikia wakubwa wake London, Herrnhut au Algiers. Mwandishi wa taarifa hutoa hesabu ya kazi aliyotumwa kuifanya na fedha aliyopewa; ni haki yake kusema alifanya nini. Kosa limeingia pale taarifa ilipotafsiriwa, ikafupishwa, ikaitwa historia. Aliyekuwa mtoa hesabu akageuka kuwa mtendaji wa pekee, na waliokuwa wenyeji wake wakageuka kuwa hesabu.

Neno moja lathibitisha jambo hili kuliko yote, nalo ni "kituo". Katika historia za makanisa neno hili hurudi kila ukurasa: kituo kilifunguliwa, kituo kilihamishwa, kituo kilifungwa. Msomaji wa leo hulisikia kama neno la ofisi. Lakini asili yake ni kutua, na anayetua ni mwenye mzigo. Kituo ni mahali mpagazi aliposhusha frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, alizozichukua begani au kichwani toka alfajiri. Safari ya Bagamoyo hata Tabora ilichukua miezi mitatu hivi, na katika karne ya 19 hakuna kabila lililosifika kwa kazi hiyo kuliko Wanyamwezi. Walipanga mwendo wao chini ya kirangozi, walijua maji yalipo, walijua mtemi gani atadai hongo kubwa na yupi atatosheka na ndogo. Hivyo historia ya kanisa imeazima neno la mpagazi na kumwacha mpagazi mwenyewe nje. Kila sanduku la vitabu, kila kengele, kila chupa ya dawa iliyofika Urambo kabla ya reli ilibebwa na Mnyamwezi. Huyo ndiye aliyeona wageni wakiugua, wakigombana, wakisali na wakizikana. Alizijua tabia zao kabla hajalijua fundisho lao. Kumweka nje ya historia ni kuondoa shahidi wa kwanza.

Tatizo la pili ni la mwanzo. Kila historia lazima ianze mahali, na pale inapoanzia pana hoja ndani yake. Tukisema "tukianzia 1879" tumesema kwamba Ukristo wa Urambo ulikuja na daktari Mzungu. Tukianzia 1898 tumesema kwamba miaka kumi na tisa iliyotangulia ilikuwa utangulizi tu. Fikiri basi habari za Jacob Wainwright. Alizaliwa katika Wayao, akatekwa mtumwa, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akasomeshwa katika misioni ya Nasik, Uhindini. Mwaka wa 1872 alikuwa mmoja wa watu waliopelekwa na Stanley kutoka Unguja kwenda kumsaidia Livingstone, wakamkuta Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Agosti. Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka wa 1873, Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko ya moyo wake na kuchonga maandishi katika mti. Kisha yeye na wenziwe, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakaubeba mwili. Mwezi wa Oktoba 1873 walikuwa Unyanyembe. Mwaka wa 1874 alikuwa miongoni mwa waliolichukua jeneza katika Westminster Abbey. Baadaye alirudi Afrika, naye alikufa Urambo mwaka wa 1892.

Basi miaka sita kabla Wamoravian hawajapokea Urambo, ardhi ya huko ilikwisha mpokea Mwafrika Mkristo aliyejua kusoma na kuandika, aliyeweka kumbukumbu za safari kwa mkono wake, na aliyeongoza ibada ya maziko bila padre. Miaka mitano kabla ya msafara wa Mapadre Weupe, na sita kabla ya Southon, mtu huyo alikwisha pita Unyanyembe akiwa na maiti na kitabu cha sala. Akiwekwa mwanzo wa historia, mambo mengi hubadilika. Ukristo wa nchi hii hauonekani tena kama kitu kilicholetwa na mtu mmoja kwa watu wasiokijua, bali kama jambo lililopita mikononi mwa watu waliouzwa, waliokombolewa na waliotembea. Anapoachwa, au anapotajwa kama mtumishi wa Livingstone tu, historia hupoteza mwanzo wake ulio bora.

Neno "kukomboa" nalo lina matata yake. Mapadre walitoa nguo na fedha, wakawakomboa watoto. Kristo naye, kwa mafundisho yao, alikuja kukomboa. Waandishi hupenda mkutano huo wa maana, wala si ajabu, kwa kuwa unavutia. Lakini mkutano huo husahaulisha maswali. Mtoto aliyenunuliwa Tabora alitoka kwa nani? Alikumbuka lugha gani? Alipokua akaozwa katika kijiji cha misioni, alijiona huru au alijiona amebadilishiwa bwana? Huenda wengine walijiona hivi na wengine vile. Historia iliyo nzuri haina lazima ya kujibu kwa niaba yao, ila ina lazima ya kuliacha swali wazi.

Mtu mmoja aliyepitia njia hiyo amesikika, na sababu ya kusikika kwake ni funzo kwa waandishi. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa, akanunuliwa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka wa 1889, akatibu watu na kufundisha dini huko hata alipokufa mwaka wa 1956. Atiman anajulikana si kwa sababu ya utumishi wake mrefu peke yake. Wako makatekista waliotumika miaka mingi na hakuna awajuaye. Anajulikana kwa sababu alieleza maisha yake mwenyewe, nayo yakachapwa katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* mwaka wa 1946. Aliyesema "mimi" alibaki. Waliosemewa walipotea.

Je, nathari ya Kiswahili ilikuwa na mifano mingine ambayo waandishi wa makanisa wangeweza kuifuata? Ilikuwa nayo. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapwa na Heinrich Brode mwaka wa 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayatoa tena mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndani yake Tabora si jina katika ramani. Ni mji wa ndugu, wadeni na wakwe, ambamo baba yake alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Tippu Tip huhesabu mali, lakini huwataja watu, na kila tendo lina mtendaji. Walakini wapagazi wake nao ni kundi lisilo na majina, maana yeye alisimama upande wa mwenye mzigo na si wa mbebaji. *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka wa 1934, kina faida ambayo Tippu Tip hana: kimeandikwa na mtoto wa waliokombolewa, kuhusu jamii ya Freretown, Mombasa. Kina uchungu wa kutekwa na furaha ya kufunguliwa. Ila shukrani kwa Waingereza imezidi humo hata waliofunguliwa huonekana kama wapokeaji tu wa wema wa wengine. J. B. Kabeya naye, katika kitabu chake juu ya mtemi Mirambo cha mwaka wa 1966, aliirudisha Urambo kwa mwenye Urambo. Lakini mtemi si mpagazi, na sifa za mtawala si historia ya usharika. Hivyo mifano ilikuwapo, kila mmoja una nusu ya kinachotakiwa.

Pengo lililo kubwa kuliko yote katika historia hizi ni lile la vita ya kwanza ya dunia. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Kwa mtindo wa taarifa, mmisionari akiondoka sentensi hukosa mtendaji. Basi mwandishi huandika kwamba kazi ilisimama, au ilidhoofika, kisha huruka hadi mwaka waliporudi wageni wengine, wakiwamo Wadenmark ambao baadaye walitumika sana upande huo. Lakini kazi gani iliyosimama? Ilisimama kazi ya kuandika taarifa. Sharika zilibaki mikononi mwa waalimu na wazee wenyeji, katika miaka ya njaa, ya kuchukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi, na ya maradhi. Kama Ukristo haukufa wakati huo, basi pana watu waliouhifadhi, na wakati huo ndio ambao kanisa lilikuwa la wenyeji kwa mara ya kwanza. Historia inayoita miaka hiyo utupu imeuita utupu ujana wa kanisa lake lenyewe.

Mtu aweza kujibu kwamba mwandishi hana hati, na pasipo hati hakuna la kuandika. Jibu hilo lina nguvu, lakini halitoshi. Kwanza, sarufi haihitaji hati. Mwandishi asiyejua jina la mwalimu aweza kuandika "waalimu ambao majina yao hayakuandikwa waliwafundisha watu hamsini", badala ya "watu hamsini walibatizwa". Sentensi ya kwanza yakiri pengo. Ya pili yalifunika. Pili, hati zipo kuliko inavyodhaniwa. Daftari za ubatizo za Wakatoliki huandika majina ya wasimamizi, na mwenye subira akizifuata aweza kuona nani alimsimamia nani, kijiji kwa kijiji. Hati nyingine ni za lugha. Agano Jipya la Kinyamwezi lilitoka mwaka wa 1909, na kazi kama hiyo haikufanywa na mgeni peke yake, kwa kuwa kila neno liliulizwa kwa mwenye lugha. Nani aliulizwa? Mtindo wa sasa haulioni swali hilo kuwa la historia.

Tatu, mitindo bora imo ndani ya makanisa yenyewe. Katika vijiji na miji midogo ya Uingereza, makanisa ya Wabaptisti na ndugu zao yalikuwa na desturi ya kila usharika kuweka kitabu chake, ambamo washirika walitia majina yao chini ya agano lao, wanaume kwa wanawake, na makosa na maonyo yao yakaandikwa vile vile. Kitabu cha kanisa la Bedford, alikokuwa John Bunyan, kimehifadhi habari za watu wadogo tangu karne ya 17. Huko historia ilianza na waliokaa, si na aliyekuja. Wamoravian nao wana urithi ulio karibu zaidi. Huko Herrnhut ilikuwa desturi, tangu karne ya 18, kila mshirika aandike habari za maisha yake, awe bwana au mjakazi, zipate kusomwa siku ya maziko yake. Na maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa hata leo. Kanisa lililofika Urambo mwaka wa 1898 lilikuwa na mtindo huo mikononi. Ni ajabu ya fasihi kwamba uliotawala historia za Unyamwezi ni ule wa taarifa ya mwaka, wala si huu wa maisha ya mshirika.

Jambo hili si la mtindo tu. Historia ya kanisa kijijini hutumika kama hati ya umiliki. Panapozuka ugomvi wa kiwanja, wa uongozi au wa utengano, watu hufungua kijitabu na kutafuta nani alianza. Ikiwa kijitabu chasema kila kitu kilianzishwa na mgeni, basi wajukuu wa waliofyatua matofali, waliopika kwa ajili ya wageni, waliofundisha bila mshahara, hawana haki wanayoweza kuionyesha. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa katika orodha za viongozi wa zamani hawamo, ilhali palipo na usharika wa kijijini uliodumu pana wanawake waliouendeleza.

Wakati nao hauko upande wa mwandishi. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi vita ya pili ya dunia ilipokwisha mwaka wa 1945, sasa amepita themanini kama yu hai. Wazazi wa watu hao ndio waliokuwa waalimu na wazee wa sharika wakati wa pengo. Kumbukumbu ya mkono wa pili ndiyo iliyosalia, nayo yapungua kwa kila maziko. Kijitabu cha jubilei kikiandikwa tena kwa kunakili kile kilichotangulia na kuongeza askofu mpya mwishoni, nafasi hiyo imepotea.

Kwa hiyo kipimo cha historia ijayo ya kanisa lo lote la Unyamwezi kiwe hiki: msomaji ahesabu vitenzi, aone ni vingapi vina mtendaji, na kati ya watendaji ni wangapi walizaliwa katika nchi hiyo au waliletwa humo wakiwa utumwani. Kisha aulize, kila aonapo neno "kituo", ni nani aliyetua mzigo hapo, mzigo ulikuwa wa nani, na baada ya kutua alikwenda wapi. Kitabu kisichoweza kujibu hata swali moja kati ya hayo chaweza kuwa taarifa njema ya misioni. Historia ya kanisa hakijawa bado.